Maji yamekwepa ngazi zetu: tumekosea wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha vijana 14 kutoka Kibosho, Moshi. Kila mwaka tunapewa kazi ya kukarabati kipande cha njia ya wapandaji ndani ya msitu wa hifadhi. Kipande chetu kina mita 180: chini mita 60 za mteremko mkali, katikati mita 80 za wastani, juu mita 40 tambarare zenye tope. Kwa simu tumepima asilimia 24 chini, 12 katikati na 3 juu. Mwezi wa tatu tuliweka ngazi za magogo kule chini, makingamaji ya fito kila hatua kumi pale katikati, na matawi juu ya tope. Udongo wa kujazia tuliuchota hapo hapo pembeni. Masika hayajafika nusu, maji yamechimba pembeni mwa ngazi, makingamaji yamefukiwa, na wagumu (wapagazi) wanapita kando hadi njia imefika upana wa mita nne. Korongo la chini lina kina cha sentimita 60. Tumekosea wapi, na tuanze upya vipi?

Jibu: Ndugu yangu, nguvu mliyotumia inatosha kabisa. Kilichowaangusha ni mpangilio: mlimjengea mtembeaji kabla hamjayatafutia maji pa kwenda. Ngazi ikijengwa mahali ambapo maji hayana mlango wa kutokea, maji yatajitafutia mlango wenyewe, na mara zote huwa ni pembeni mwa ngazi, kwenye udongo mlioulegeza wakati wa kuchimba.

Pigeni hesabu ndogo muone mnapambana na nini. Msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye kimo cha mita 2,000 na kitu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; mji wa Moshi hapo chini haufikishi nusu ya hizo. Siku moja ya masika ikishusha milimita 40, zile mita 60 zenu zikiwa na upana wa mita 1.2 zinapokea lita 2,880, yaani madumu 144 ya lita 20. Njia ikitanuka hadi mita nne, ni lita 9,600, madumu 480. Hapo sijahesabu maji yanayoingia kutoka msituni. Yote hayo yanashuka kwenye mfereji mmoja kwa asilimia 24, na udongo wenyewe ni wa majivu ya volkano: mwepesi, unafyonza maji mengi, ukikanyagwa ukiwa umelowa unapoteza mshikamano na kuteleza kama sabuni.

Kwanza jueni njia inashuka na nani

Chukueni dumu la maji, mmwage njiani taratibu, mtazame. Yakitoka kwenda ukingo wa chini, njia imekata mlima kwa mshazari na inaweza kutunzwa. Yakifuata njia mita kumi, ishirini, bila kutoka, njia imeshuka wima pamoja na maji. Kwenye njia ya namna hiyo pande zote mbili ziko sawa kwa kimo, kwa hiyo hata mkichimba mtaro wa kutolea, hakuna upande wa chini wa kuupeleka. Kwa maelezo yenu (asilimia 24, korongo la sentimita 60, maji pande zote mbili za ngazi), nina hakika mita 60 za chini ziko hivyo.

Kanuni ya wajenzi wa njia za miguu ni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima ilipopita. Mlima wa asilimia 40, njia isizidi 20. Na hata mlima uwe mkali kiasi gani, kwenye udongo wenu wa majivu ningelenga asilimia 10 kwa wastani, 15 kwa vipande vifupi tu. Njia ikizidi nusu, maji yanaona kufuata njia ni rahisi kuliko kuivuka. Hapo ndipo korongo linapozaliwa.

Kwa hiyo tiba ya kweli ya mita 60 za chini ni kuzihamisha. Kipande hicho kinapanda kimo cha karibu mita 14. Mkikipanda kwa asilimia 10, mtahitaji njia ya mita 140. Inaonekana ni safari ndefu ya kukimbia tatizo la mita 60, lakini njia ya mita 140 inayotoa maji yenyewe itawagharimu kazi mara moja, wakati ngazi za kwenye korongo mtazijenga kila mwaka. Uamuzi huo si wa kikundi. Mstari mpya ndani ya hifadhi unapitishwa na hifadhi yenyewe, na wataalamu wake wa ikolojia lazima waukague kwanza. Ninyi pelekeni pendekezo lililopimwa, lenye vigingi na urefu, badala ya malalamiko kwamba njia ni mbovu.

Kuupima mstari hakuhitaji chombo cha bei. Ile fremu A ambayo wakulima hutumia kupanga makingamaji ya shambani inatosha. Tengenezeni yenye miguu iliyoachana mita 2 kamili, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni, na alama ya katikati kwenye ubao wa kati. Kisha mguu mmoja ufupisheni kwa sentimita 20. Sasa kila kamba inapokaa kwenye alama huku mguu mfupi ukiwa upande wa juu, mko kwenye asilimia 10 sawasawa. Tembezeni fremu kutoka juu kwenda chini, piga kigingi kila mita 4, funga utepe. Wazee wetu waliochimba mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ya Wachagga, walikuwa na jicho hili hili: mfongo ukiwa mkali sana unajichimba, ukiwa bapa sana unajaa mchanga. Njia mpya inahitaji subira ile ile ya kusoma mlima.

Mkiruhusiwa kuchimba, kateni benchi (ile sakafu bapa ya njia) lote ndani ya mlima. Kosa la kawaida ni kukata nusu na kujazia nusu: mnachimba sentimita 60 upande wa juu, udongo mnautupa chini na kuuhesabu kama nusu ya pili ya njia. Ile nusu iliyojazwa hukaa vizuri mpaka mvua ya kwanza kubwa, halafu inaporomoka na ukingo wake, na mtembeaji naye. Kwenye mlima wa asilimia 40, benchi la mita 1.2 linaacha ukuta wa nyuma wa sentimita 48. Ulazeni ukuta huo kidogo, usisimame wima. Udongo unaotoka ni kama mita ya ujazo 0.3 kwa kila mita ya njia, karibu mita za ujazo 40 kwa mita zote 140. Mwagieni kwa kuutawanya chini ya njia, si kwa kuulundika ukingoni. Mtu mmoja kwa siku mkadirieni mita 4 hadi 5, mizizi ikiwa haina ubishi. Uso wa benchi ulale kuelekea nje kwa asilimia 5, yaani sentimita 6 kwenye upana wa mita 1.2.

Na kila baada ya mita 12 hadi 15, njia ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mstari mpya. Ule ulalo wa kuelekea nje haudumu kwenye udongo wa majivu: miguu hubonyeza katikati, ukingo wa nje unabaki tuta, na ndani ya misimu miwili njia ni sahani. Ila mahali ambapo njia yenyewe inapanda, hata kama uso umebonyea, maji hayawezi kupanda nayo. Yatatoka. Mnapopitisha fremu A tafuteni sehemu hizo mapema, kwenye migongo midogo ya mlima na kwenye miti mikubwa. Pitieni angalau mita 2 mbali na shina, na mzizi unaozidi unene wa kifundo cha mkono msiukate.

Mkiambiwa mbaki palepale

Inawezekana hifadhi ikakataa mstari mpya. Basi ngazi zinarudi, lakini si zile mlizojenga.

Tazameni hesabu ya ngazi moja kwenye mteremko wa asilimia 24. Kimo kinachokanyagika vizuri ni sentimita 15 hadi 18, tuseme 17. Kugawa ngazi za sentimita 17 sawasawa kwenye asilimia 24 kunatoa kikanyagio cha sentimita 70. Hiyo ni hatua moja na kipande. Mguu ule ule ndio unaoshuka kila ngazi, goti moja linabeba kazi yote, na mgumu mwenye kilo 20 begani anayeshuka mbio kwenda getini hawezi kuvumilia hilo kwa ngazi 80. Anatoka pembeni, na wageni wanafuata mgongo wake. Anayepanda Meru kati ya Miriakamba (mita 2,514) na Saddle Hut (mita 3,570) anazikuta ngazi nyingi za mbao, na pale ngazi isipolingana na hatua ya mtu ataona vijinjia vya pembeni vilivyochongwa na miguu. Huwezi kuwafunga watembeaji kamba. Unachoweza ni kuifanya njia yako iwe rahisi kuliko pembeni.

Dawa yake ni kuzikusanya ngazi kwa mafungu. Wekeni ngazi tano za kimo cha sentimita 17 na kikanyagio cha sentimita 40. Fungu hilo linachukua mita 2 na kupanda sentimita 85. Kisha acheni uwanja wa mita 2.5 wenye mteremko wa asilimia 9. Fungu na uwanja wake ni mita 4.5 na wastani wake unaangukia asilimia 24 ile ile ya kwenu. Kwa mita 60 mtapata mafungu 13, ngazi 65, na viwanja 13 vya kutolea maji. Uwanja ndio moyo wa mpango. Juu kidogo ya ngazi ya juu kabisa ya kila fungu, uso wa uwanja uinamishwe upande mmoja na ukingo wa korongo ukatwe wazi, mdomo wa upana usiopungua sentimita 50, ili maji yatoke kabla hayajaigusa ngazi. Kwa kuwa mko ndani ya korongo, italazimu kwanza kuinua sakafu kwa mawe mpaka ilingane na ukingo mtakaoukata. Bila hivyo mdomo utakuwa juu ya maji, na kazi yote imekwenda bure.

Jiwe ni bora kuliko gogo, na hapa ningependa mwende polepole kuliko pote. Jiwe ambalo mtu mmoja analibeba kwa urahisi halifai kuwa ngazi. Mnaanza chini, mnapanda. Chimbeni kitako chenye umbo la tumbo la jiwe, kina cha kutosha theluthi mbili za jiwe zima zizame ardhini. Lishusheni kwa mtaimbo, vidole mbali, na mtu yeyote asisimame chini yake. Uso wake ulale mbele kwa kiasi kidogo sana, sentimita moja tu, ili maji yasisimame. Jiwe la pili likalie mgongo wa la kwanza kwa sentimita 5 hadi 8, ndipo uzito wa la juu ulishike la chini. Nafasi za pembeni na za nyuma zijazwe mawe madogo yanayogongwa kwa nyundo mpaka yanalia. Udongo ukitumika hapo utaoshwa wote. Kisha mtu mzito kuliko wote kikundini apande juu yake aruke. Likicheza, hata kwa unywele, ling'oeni. Jiwe linalocheza leo ndilo linalovunja kifundo cha mtu mwezi wa saba.

Pembeni mwa kila fungu pandeni mawe makubwa ya kuelekeza, nusu yake chini ya ardhi, yenye sura isiyokanyagika. Yanafanya kazi kuliko kibao.

Kama mawe hayapatikani, gogo liwe na kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, liingie sentimita 30 ndani ya ukingo kila upande, lichomwe matundu mawili na kupigiliwa nondo za milimita 12 zenye urefu wa sentimita 75. Vigingi vya mti vinaoza kabla ya gogo lenyewe, na hapo gogo linageuka roli. Miti ya msituni msiiguse. Magogo ya mkaratusi kutoka mashambani yanafaa, yakishaondolewa gome, maana gome linatunza unyevu na wadudu. Nguzo zilizotiwa dawa zinadumu zaidi, lakini dawa nyingi za nguzo zina shaba, kromiamu na arseniki; msizitumie karibu na chanzo cha maji, na unga wa msumeno usibaki chini.

Korongo mtakaloliacha

Njia ikihamishwa, lile la zamani msiliache wazi. Litaendelea kuchimbika na watu wataendelea kulipita. Jengeni vizuizi vya mawe ndani yake, kila kimoja sentimita 40 kwa kimo, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu ya kizuizi na yasizunguke ubavuni. Nafasi yake hupatikana hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kizuizi cha juu. Kwenye asilimia 24 hiyo ni kila mita 1.7, kama vizuizi 36. Ni vingi, lakini vikiwekwa mbali zaidi maji yanapata nafasi ya kushika kasi kati yake na kuvichimba chini. Kati ya vizuizi jazeni matawi yaliyokufa, yakikanyagwa mpaka yaguse udongo.

Zile njia za pembeni, hadi mita nne mlizosema, zimekandamizwa kiasi kwamba mbegu haishiki. Zichimbueni kwa sururu sentimita 10 hadi 15, hamishieni miche ya asili iliyoota jirani, tandazeni majani. Nguvu kubwa iwe kwenye midomo miwili, pale mtu anaposimama na kuamua: hapo lalisheni shina lililoanguka zamani na visiki, mpaka macho yaone msitu na yasione njia.

Mita 80 za katikati

Kipande hiki kina afya kuliko mnavyodhani. Asilimia 12 inatunzika. Makingamaji yenu yalikuwa na makosa matatu. Fito ya sentimita kumi haina uzito. Mliyalaza yakikata njia kwa pembe mraba, kwa hiyo maji yalisimama, yakatua mchanga, yakapanda juu. Na hayakuwa na mdomo wa kutokea. Kingamaji likitumika, lilale kwa mshazari wa nyuzi 45: kwenye njia ya mita 1.2, ncha ya kutolea iwe mita 1.2 chini kuliko ncha ya juu. Hapo maji yanapita kwa kasi ya kutosha kujisafishia njia.

Lakini ningeyaondoa yote na kujenga mabonyeo ya udongo, yaani mahali njia inapobonyea na kufuatiwa na tuta ili maji yatoke pembeni. Kingamaji la gogo ni kitu cha kujikwaa, watu wanalikwepa, na wakilikwepa wanachimba njia ya maji mwishoni mwake. Bonyeo likijengwa vizuri mtembeaji hajui kama amelipita.

Hili hapa moja, kwa vipimo. Chagueni mahali ambapo ukingo wa chini uko wazi na msitu unaendelea kushuka. Chimbeni sakafu ya bonyeo kwa kina cha sentimita 15 chini ya njia ya sasa, mkianzia mita 2 juu yake kwa kulaza taratibu. Sakafu ilale kuelekea nje kwa asilimia 8 hadi 10. Mita 3 chini ya hapo jengeni kilele cha tuta. Njia yenyewe imeshashuka sentimita 36 katika mita hizo 3, kwa hiyo ili kilele kiwe juu ya sakafu ya bonyeo kwa sentimita 15, mnatakiwa kujaza sentimita 36. Kisha tuta lishuke taratibu kwa mita 5 mpaka liungane na njia. Udongo wa kazi hiyo, ukishashindiliwa, ni karibu mita za ujazo 1.5 hadi 2. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokata tamaa: vinajaza sentimita 10, vinaona bonyeo kwa macho, vinaondoka. Kwenye asilimia 12, sentimita 10 si tuta kabisa. Njia bado inashuka. Mvua ya kwanza inalivuka.

Udongo wa kujazia ni lile kosa lenu jingine. Mliuchota pembeni, maana yake mlichota mboji na majani yaliyooza. Hiyo haishindiliki, inakunywa maji na kuwa uji. Ondoeni mboji yote kwanza mkaiweke kando kwa ajili ya kufunikia njia zilizofungwa. Tumieni udongo mgumu wa chini, unaotoka kwenye sakafu ya bonyeo, kwenye mdomo wake na kwenye ukuta wa nyuma wa njia. Jazeni kwa tabaka la sentimita 10 hadi 15, shindilieni kila moja kwa gogo zito mpaka kisigino hakiachi alama, ndipo mje na jingine. Kwenye kilele zamisheni safu ya mawe bapa. Miguu inamaliza kilele kabla ya sehemu nyingine.

Mdomo uwe mpana, sentimita 60 mwanzoni na unazidi kutanuka kwa mita 1.5 hadi 2 kuingia msituni. Mdomo mwembamba unazibwa na jani moja na kijiti kimoja. Usielekee kwenye kijito. Uishie kwenye majani yatakayochuja tope. Mabonyeo sita yanatosha mita zenu 80, kila mita 13 hivi. La kwanza kabisa liwe juu, mwanzoni mwa kipande, maana likikosekana hilo, matano ya chini yanabeba mzigo usio wake.

Kabla hamjatoka, jaribuni. Watu wawili wasimame mita 5 juu ya bonyeo na madumu mawili ya lita 20, wamwage kwa mkupuo. Maji yote yatoke kwa mdomo. Yakivuka kilele hata kijiko, kazi haijaisha.

Tope la juu

Matawi juu ya tope yanaoza na kuwa tope. Mita 40 zenye asilimia 3 hazina pa kumwagia maji, basi inueni njia iwe juu ya maji. Chimbeni mitaro pande zote mbili, upana wa sentimita 30 na kina cha 30, yenye kushuka mpaka mahali maji yanapoweza kutoka njiani. Pangeni kingo za mawe makubwa mita 1.2 mbalimbali, jazeni katikati mawe ya ngumi, kisha udongo mgumu wenye kokoto juu. Njia iinuke sentimita 20 kuliko ardhi, na katikati iwe juu kuliko kingo kwa sentimita 5, kama mgongo wa ng'ombe.

Ujazo ni mita 40 × 1.2 × 0.2, yaani mita za ujazo 9.6, ongezeni sehemu moja ya tano kwa kushuka, zinakuwa kama 11.5. Toroli la lita 60 litazunguka mara 190. Pangeni watu wenu kwa hesabu hiyo. Msilete moramu kutoka nje ya hifadhi: inakuja na mbegu za kishonanguo na magugu mengine, na mbegu hizo zitapanda mlima na viatu vya watu. Ombeni askari wa hifadhi wawaonyeshe pa kuchimba, mbali na njia, shimo lisawazishwe na kufunikwa mboji mkimaliza. Kuna wanaotandika kitambaa cha jeotekstaili chini ili mawe yasizame; hifadhi ikikubali, kingo zake zifukiwe kabisa, vinginevyo baada ya mwaka mtakuwa na plastiki inayopepea msituni.

Lini mfanye nini

Kujenga mwezi wa tatu kulichangia kuwaangusha. Udongo uliolegezwa haukupata hata wiki tatu za kukaa kabla ya masika. Kazi ya udongo ifanyeni Juni, masika yakishakata na ardhi ikiwa bado na unyevu: inashikana ikishindiliwa na inapata miezi ya kukaa kabla ya vuli. Septemba udongo wa majivu umeshakuwa vumbi, haushindiliki mpaka ubebewe maji. Kazi ya mawe inaweza kufanywa hata kiangazi. Juni wapandaji wanaanza kuongezeka, kwa hiyo fungeni nusu ya upana tu, au mkubaliane na hifadhi saa za kufanya kazi kabla makundi hayajafika.

Februari na tena Septemba, pitieni kila bonyeo na jembe. Mchanga ukifika nusu ya kina cha sakafu, utoeni wote na mwutupe upande wa chini, mbali na mdomo. Watu wengi wanauvuta na kuuacha ukingoni, na ndilo tuta la nje linalozuia maji mwaka unaofuata. Kwenye njia nzima vunjeni tuta hilo la nje kila mnapoliona. Matawi yafyekeni mpaka mita 2.5 kwenda juu, kwa sababu mgumu aliyebeba mzigo kichwani ni mrefu kuliko mtalii, na akiukwepa mti anatoka njiani. Kateni tawi karibu na shina bila kuchuna gome, na lililokatwa livutwe mbali na midomo ya maji.

Kisha Aprili, siku moja mvua ikiwa inanyesha kweli kweli, watu wawili wapande. Hakuna siku nyingine njia inasema ukweli wake wote. Mwenye jembe atangulie, mwenye daftari afuate; kila mahali maji yamevuka tuta au yameanza kushuka na njia, pigeni kigingi chenye utepe hapo hapo, kwa sababu mvua ikikata, baada ya saa moja hamtapatambua tena.